Tundu la Msumari na Oili ya Shokapu

Nilipofungua kizibo cha shokapu ya mbele kulia, harufu ilitangulia. Ilikuwa ile harufu ya kiberiti inayong'ang'ania mikono hata ukinawa kwa sabuni ya unga mara mbili. Fundi yeyote anaijua: oili ya gia. Nikachovya bisibisi, nikainua. Oili ikashuka polepole kama asali, ikakatika, ikashuka tena.

Mwenye gari alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya mwembe, kofia mapajani.

"Mzee, aliyekuwekea oili hii alikuambia ni ya aina gani?"

"Aliniambia ni nzito, fundi. Akasema gari la zamani linataka oili nzito."

Maneno hayo nimeyasikia kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila nikiyasikia najua kuna kitu kitavunjika. Ndiyo sababu ya kuandika makala haya. Magari kama lile la mzee ni machache sana nchini, lakini kosa alilofanyiwa linafanywa kila siku kwenye pikipiki, bajaji na magari ya kazi, na wanaoumia ni watu waliobebwa juu yake.

Gari lenyewe lilikuwa MGB ya kijani, ya turubai, ya viti viwili, aliyoachiwa na marehemu kaka yake. Magari hayo ya michezo yaliundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 mpaka 1980, na zaidi ya 500,000 yalitoka kiwandani. Mzee alikuwa ametoka nalo Dar es Salaam, anakwenda Kilwa. Kufika kwetu Mchukwi, wilaya ya Kibiti, matuta na rasta, ile mistari ya vituta vidogo inayofuatana barabarani, vilikuwa vimemchosha hadi mgongo ukakataa. Alisema kila akipita kwenye rasta usukani unatetemeka mpaka anaona ukungu, na akiingia kwenye kona yenye mashimo gari linasogea pembeni lenyewe.

Mimi kazi ya shokapu nilifundishwa na barabara ile ile. Zamani, aliyetaka kwenda kusini alivuka mto Rufiji kwa kivuko pale Ndundu. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, lakini kipande cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga kiliendelea kuwa cha udongo kwa miaka mingi baadaye. Kiangazi kilikuwa na mawimbi kama bati la mgongo, masika kilikuwa tope. Land Rover na malori yaliyorudi kutoka huko yalikuja na shokapu zilizokatika masikio, zilizopinda, zilizolia mafuta. Ukiigusa shokapu ya gari lililotoka kwenye mawimbi yale unaondoa mkono haraka, maana inaunguza. Moto huo ndio unaoeleza kazi yake.

Watu wengi hudhani shokapu ndiyo inayobeba gari. Inayobeba ni springi. Springi ikikandamizwa inarudi, ikirudi inapitiliza, inakandamizwa tena, na ikiachwa peke yake gari litapanda na kushuka kama dau lililofungwa gatini Nyamisati wakati boti la Mafia linapita. Shokapu inaizuia isiendelee kucheza. Ndani yake kuna oili inayosukumwa ipite kwenye matundu madogo na vali. Oili haipendi kupita hapo, inasuguana, na nguvu ya mtikisiko inageuka kuwa joto. Kwa hiyo kila kitu kinategemea mambo mawili: ukubwa wa tundu, ambao kiwanda kilishauamua, na wepesi wa oili, ambao mimi na wewe tunauamua siku tunapoijaza.

Sikutaka kumweleza mzee kwa maneno matupu. Nilichukua makopo mawili ya maziwa ya unga yaliyo sawa, nikayatoboa chini kwa msumari mmoja huohuo, nikayaning'iniza kwenye tawi. Kopo la kwanza nililijaza oili ya gia, ya aina ile ile iliyotoka kwenye gari lake. La pili nililijaza oili nyepesi ya haidroliki niliyokuwa nayo ya jeki. Nikaviondoa vidole vyote viwili nilivyozibia matundu kwa wakati mmoja. Mzee alikuwa na kikombe cha chai. Kabla hajakimaliza, kopo la oili nyepesi lilikuwa tupu. La oili ya gia lilikuwa bado limejaa zaidi ya nusu, linashusha uzi mwembamba mweusi.

"Tundu ni moja," akasema taratibu.

"Ndiyo, mzee. Tundu ni moja."

Sasa liweke tundu hilo ndani ya shokapu na upite nalo kwenye rasta. Tairi linapanda mstari wa kwanza, springi inajikunja. Kabla ya mstari wa pili tairi linatakiwa lishuke liguse lami. Oili nzito haijapita bado, kwa hiyo tairi linabaki juu. Linafika mstari wa pili springi ikiwa imekunjika, wa tatu imekunjika zaidi, na kufikia mstari wa tano springi haina tena nafasi ya kucheza. Pigo zima linakwenda kwenye bodi, kwenye usukani na kwenye uti wa mgongo wa mwenye gari. Na tairi lisilogusa barabara halishiki kona wala halifungi breki. Ugumu ule ambao watu huuita uimara ni gari lililonyimwa miguu. Oili nyepesi kupita kiasi nayo ina hasara yake: gari linayumba na kudunda baada ya kila tuta. Lakini hiyo dereva huiona mapema, anapunguza mwendo, anakuja gereji. Oili nzito huharibu huku ikisifiwa.

Mzee alifungua kifuko cha mlangoni akanitolea kitabu cha gari, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Nilifurahi kuliko kama angenipa fedha. Magari yale yana shokapu za mkono, zilizotengenezwa na Armstrong: kiboksi kinachofungwa chini ya gari, mkono unatoka pembeni, na ndani pistoni mbili zinasukumiana oili kupitia vali. Kwa mbele, mkono huo ndio pia unaoshika gurudumu kwa juu. Kitabu kinataja oili ya Armstrong nyepesi, namba 624. Isipopatikana, mwongozo wa mafundi unaruhusu oili bora ya madini ya SAE 20, kwa onyo kwamba haifai kwenye baridi kali. Baridi hiyo ni ya Ulaya, sisi tunapambana na jua. Zingatieni tu neno moja: nyepesi. Waliolichora gari hilo waliliandika waziwazi, na bado mtu alikwenda kujaza oili ya gia.

Hapo ndipo kazi ya namba inapoanza, na ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo twende polepole.

Maduka yetu ya Kibiti yana oili ya injini ya 40, ya 15W-40 na ya 20W-50. Mtu akisoma kitabu kinasema 20, halafu akaona chupa imeandikwa 20W-50, anadhani amepata. Hajapata. Ile 20 yenye herufi W inaeleza tabia ya oili kwenye baridi. Namba ya 50 inaeleza uzito wake ikiwa ya moto, na kwa joto la mchana wetu oili hiyo ni nzito mara mbili hadi tatu ya SAE 20 ya kawaida. Isitoshe, oili ya injini imetiwa dawa za kusafisha masizi. Injini inazihitaji. Shokapu haina masizi, na dawa hizo huifanya oili ishike hewa inapopigwapigwa. Oili yenye povu inapita kwenye tundu kama vile hakuna kitu. Dereva anasema shokapu imechoka, kumbe imejaa mapovu.

Oili ya gia ina kipimo chake tena. 90 ya gia hailingani na 90 nyingine yoyote. Uzito wake unakaribiana na oili ya injini ya 40 au 50. Na oili za shokapu za pikipiki, zile zilizoandikwa 10 au 15, kila kampuni ina mizani yake, kiasi kwamba 10 ya huyu inaweza kuwa nzito kuliko 15 ya yule.

Kipimo ninachokiamini mimi ni cha oili ya haidroliki, kinachoanza na herufi ISO VG. Namba inayofuata, 32, 46 au 68, ni ule uzito wenyewe wa kutiririka, uliopimwa oili ikiwa na joto la nyuzi 40. Hakuna fumbo. Oili ya 68 inajivuta mara mbili na zaidi kidogo kuliko ya 32. Na nyuzi 40 ni joto ambalo kopo la oili linalipata kwetu likiachwa juani saa saba mchana, kwa hiyo kipimo hicho kinasema lugha ya hapa. Oili hizi pia zimetiwa dawa ya kuzuia povu na kutu, na hazina zile za kusafisha masizi. SAE 20 ya kitabu cha mzee inaangukia kati ya 46 na 68. Nikaamua 46. Kitabu kilisema nyepesi, na barabara ya kwenda Kilwa ina matuta mengi yanayofuatana.

Nikapanda bodaboda hadi Kibiti. Wilaya yetu ina matrekta ya mashamba ya mpunga na mitambo ya barabara, kwa hiyo oili ya haidroliki si kitu adimu. Tatizo ni jina. Ukiingia dukani ukaomba "haidroliki" unaweza kupewa ile nyekundu ya gia za otomatiki na usukani, unaweza kupewa ya mitambo, unaweza kupewa chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa kutoka kwenye pipa ambalo hulioni. Ya kupima kwenye chupa mimi siichukui mpaka nionyeshwe pipa lenyewe na niisome namba kwa macho yangu. Muuzaji mwema hakasiriki. Siku ile walikuwa na 32 na 68, za kampuni moja. 46 ilikuwa imekwisha.

Nilinunua lita ya kila moja. Oili mbili za familia moja ukizichanganya nusu kwa nusu hazikupi wastani wa hesabu ya shule, ambao ungekuwa 50. Nyepesi huivuta nzito upande wake, na mchanganyiko wa 32 na 68 unatua karibu sana na 46. Nilirudi, nikachanganya kwenye chupa safi, nikarudia mchezo wa makopo: moja la 32, moja la 68, moja la mchanganyiko. Yaliisha kwa mpangilio niliotarajia, na la mchanganyiko lilikuwa karibu zaidi na lile jepesi. Mzee safari hii alisimama mwenyewe, saa mkononi, akahesabu.

Kumwaga oili ya zamani kulichukua muda mrefu kuliko kujaza mpya. Kwanza nilisafisha kila kizibo kwa brashi na mafuta ya taa kabla ya kukigusa, kwa sababu chembe moja ya mchanga wa Mchukwi ikiingia kwenye vali itakaa palepale penye tundu. Halafu nikafungua shokapu, nikazipindua, nikaacha zitiririke juani ili oili ilainike. Nikajaza nyepesi, nikapandisha na kushusha mkono wa shokapu kwa urefu wake wote, nikamwaga, nikajaza tena. Mara tatu, mpaka harufu ya kiberiti ikaisha. Mara ya mwisho nilipampu taratibu huku kizibo kikiwa wazi, mapovu yakapanda, yakapungua, yakakoma, na mkono ukawa unapinga sawasawa kutoka juu hadi chini bila sehemu yenye ulegevu. Oili inaishia chini ya mdomo wa kizibo. Hewa ile ndogo ya juu iachwe, kwa maana oili ikipata moto inapanuka.

Jambo moja sina mzaha nalo: mafuta ya breki hayaingii kwenye shokapu, na oili ya shokapu haiingii kwenye breki. Raba za sili za shokapu zimetengenezwa kwa oili ya madini, na raba za breki za magari mengi zimetengenezwa kwa mafuta ya breki, ambayo ni kitu kingine kabisa. Ukizibadilisha, raba zinavimba na kulainika. Kwenye shokapu utapoteza oili. Kwenye breki unaweza kumpoteza mtu.

Wala rangi isikudanganye. Citroën DS ya Ufaransa, ambayo imebebwa na gesi na mafuta badala ya springi za chuma, ilianza kwa mafuta mekundu, kisha 1966 kiwanda kikahamia kwenye mafuta ya madini ya kijani na sili za aina nyingine. Tangu hapo mafuta mekundu kwenye gari la mafuta ya kijani ni uharibifu. Na Ford Model A za mwishoni mwa miaka ya 1920 shokapu zake zilitumia glisarini. Gari la zamani lina siri zake, na siri hizo zimeandikwa kwenye kitabu chake. Kitabu kikipotea, tafuta kingine kabla ya kutafuta oili.

Tulipokuwa tunasubiri oili itulie, mzee alinihadithia mapenzi ya kaka yake kwa mashindano ya magari ya Safari, yale yaliyoanza 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Kaka yake alikuwa na picha ya Datsun 240Z ukutani. Ile gari ndogo ya michezo ya Kijapani ilishinda 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na 1973 ikashinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Ni gari la kifahari lililopigwa kwenye udongo wetu kwa siku kadhaa mchana na usiku, na likafika. Shokapu zake za mbele ziko ndani ya bomba la chuma. Ukiweka kiini kipya kilichofungwa kabisa ndani ya bomba hilo, inafaa umimine oili kidogo kukizunguka, kwa kazi moja tu: kutoa joto kwenye kiini na kulipeleka kwenye ukuta wa bomba ili upepo ulichukue. Mafundi wengi hukiacha kikavu. Kinaungua kimyakimya humo ndani.

Shokapu za siku hizi zilizofungwa kiwandani hazijazwi. Najua kuna wanaozitoboa, kumimina oili na kuziziba kwa kuchomelea nati. Nyingi zina gesi yenye mgandamizo ndani. Nimeona jicho la kijana lililorukiwa na oili ya shokapu iliyotobolewa, na tangu siku hiyo hakuna anayetoboa shokapu kwenye gereji yangu.

Narudi kwenye pikipiki, kwa sababu huko ndiko moyo wangu ulipo. Shokapu za mbele za bodaboda zinajazwa oili, na vijana wengi huweka ile ile ya injini iliyobaki kwenye chupa, wengine hata oili chafu. Mbele panakuwa pagumu kama nondo. Wengine wanajaza nyingi kupita kipimo wakidhani itadumu. Ndani ya bomba la shokapu kuna nafasi ya hewa, nayo inafanya kazi ya springi ya pili. Ukiijaza oili, pigo la kwanza kubwa linafukuza sili. Usiku pikipiki hizo hizo ndizo zinazobeba wajawazito kutoka vijiji vya ndani kuja hospitali ya misheni hapa Mchukwi, kwenye njia za mchanga na mizizi ya mikorosho. Nikibadilisha oili ya shokapu kwenye bodaboda, huyo mama ndiye ninayemfikiria. Bei ya oili sahihi kwa shokapu mbili haifiki faida ya siku moja ya kazi. Nimewaambia vijana wa kijiwe chetu waje na chupa, nami nitawapimia na kuwaonyesha kopo lenye tundu.

Jioni tuliliingiza gari la mzee barabarani. Yeye aliendesha, mimi nilikaa pembeni, turubai limekunjwa. Tuta la kwanza gari lilipanda, likashuka, likatulia. Kwenye rasta nilitazama usukani: vidole vyake vilikuwa vimelegea juu yake. Tulikwenda mbele kiasi cha nusu saa, tukageuka, tukarudi, nikagusa shokapu zote nne. Zilikuwa za moto unaovumilika, na zote sawa, isipokuwa ya nyuma kushoto iliyokuwa na unyevu pale mkono unapotokea. Nilimweleza mzee ukweli: bushi ya ekseli yake imelika, na hakuna uzito wa oili utakaoiponya. Pengine ndiyo iliyomfanya yule fundi wa kwanza aweke oili ya gia, ili isivuje. Bushi lazima ichongwe mpya na sili ibadilishwe.

Alikubali kwenda Kilwa hivyohivyo na kuniachia gari siku tatu akirudi. Nikampa chupa ya oili iliyobaki akae nayo kwenye buti. Juu ya kizibo niliandika kwa wino wa kudumu: 46, nusu 32 nusu 68, nyuma kushoto tu, usijaze hadi juu.